Tiba ya Sindano Ipimwe, Isiabudiwe

Wapo wanaoibeza tiba ya sindano ya Wachina kuwa ni uganga mtupu. Wapo pia wanaoitukuza kupita kiasi. Wote wamepotoka. Mwaka 2013 madaktari wa Ujerumani walitangaza matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 422 wa mafua ya mzio yaletwayo na chavua ya miti na nyasi. Baada ya majuma 8, waliochomwa sindano za kweli walipata nafuu iliyozidi kidogo ile ya waliochomwa za bandia, na walihitaji dawa chache. Kufikia juma la 16 tofauti hiyo haikuonekana tena. Basi sindano ni msaada wa muda, si mwarobaini. Kila tiba, iwe ya jadi au ya kigeni, haina budi kupimwa hivyo kabla wananchi hawajatakiwa kuilipia.