Fungueni Hayo Makabati

Mwaka juzi mwalimu mmoja alinipeleka kuiona maktaba ya shule yake ya msingi. Sitaitaja shule hiyo, maana ugonjwa wake ni wa shule nyingi. Maktaba yenyewe ilikuwa kabati la chuma nyuma ya meza ya ofisini, limetiwa kufuli la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Lilipofunguliwa ilitoka harufu ya wino mpya. Humo mlijaa vitabu vya hadithi vya watoto, vya Kiswahili, vyenye picha za rangi, vingine bado vimo ndani ya nailoni. Nikakifunua kimoja. Kurasa zilikuwa bado zimegandana. Nikauliza vimekaa humo tangu lini. Miaka mitatu. Kwa nini havitoki? Nikajibiwa pasipo kusita: "Watoto watavichana."

Nje, hatua chache kutoka kwenye kabati lile, darasa la pili lilikuwa likiimba silabi: ba, be, bi, bo, bu. Watoto zaidi ya tisini, mwalimu mmoja, sauti imemkauka. Mmoja aliyekaa nyuma kabisa alikuwa anaimba na wenzake huku akichora ndege kwa kidole kwenye vumbi la sakafu.

Jibu lile nimetembea nalo tangu siku hiyo, na leo nalirudisha kwa wenyewe. Wavichane! Kitabu cha mtoto kilicholegea mgongo, chenye alama za vidole vya ubuyu, kimefanya kazi yake. Kinachobaki kipya baada ya miaka mitatu ni fedha ya umma iliyotupwa, na anayekilinda namna hiyo anawadhulumu watoto huku akijiona mtunzaji.

Kiswahili kina neema moja: kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishazishika silabi, ni nadra neno kumshinda kulitamka. Neema hiyo hiyo inatuponza sisi wakubwa. Mtoto anasimama mbele ya wageni, anatiririsha aya nzima, tunampigia makofi ya kilo. Sasa muulize hadithi ilihusu nini. Anakutazama. Alichofanya ni kutamka; kusoma bado hakujaanza.

Na huyo ni yule aliyefika kwenye kutamka. Utafiti wa mpango wa Uwezo wa mwaka 2010, uliowafuata watoto majumbani kwao, ulikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takriban watatu tu ndio walioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Hadithi ya Kiswahili, lugha wanayogombania gololi! Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotanguliza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ilikuwa hatua sahihi na ninaitetea popote. Ila mtaala hauna mapaja ya kumpakata mtoto, wala sikio la kumsikiliza. Mwalimu mwenye watoto tisini akiamua kumsikiliza kila mmoja kwa dakika tano tu, atahitaji saa saba na nusu, na hapo hajafundisha kitu kingine chochote. Ipige hesabu hiyo mwenyewe, kisha uniambie ni nani anayemsikiliza mwanao akisoma.

Kwetu, mimi na majirani watatu tunakaa na watoto wa mtaa kila Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye baraza ya nyumba moja. Hatuna jina la kikundi, hatuna fulana wala bango. Tuna mikeka miwili, ndoo ya maji ya kunywa na vitabu arobaini, vingine vya kununua, vingine vya kuomba. Kazi yetu ni kuwasomea na kuwasikiliza wakisoma.

Mwezi wa kwanza alikuja binti wa miaka minane, kaletwa na kaka yake. Nikampa kitabu cha kiboko. Akakishika kwa mikono miwili kama anayebeba sahani ya moto, akaanza kwa ile sauti ya darasani, ya kuimba: ki-bo-ko-a-li-ku-wa-na-nja-a. Hakukosea hata silabi moja. Nikamuuliza, kiboko ni nini? Akaangalia chini.

"Cha mwalimu."

Picha ya mnyama ilikuwa pale pale chini ya kidole chake, mkubwa, wa kijivu, kinywa wazi. Mtoto hakuwa ameiona. Kiboko alichokijua yeye ni kile kinachotua kiganjani ukikosea.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza maandazi, akamwita na kumketisha ubavuni. Akakisoma kile kitabu tangu mwanzo kwa sauti ya kiboko mwenyewe, nzito, ya kutoka tumboni. Hakumsahihisha chochote. Hakumuuliza swali. Alipofika pale kiboko anapozama mtoni, akanyamaza, akaegemea ukuta kama anayepumzika. Kimya. Binti akamvuta kanga.

"Halafu?"

Nimeandika magazetini miaka mingi, na sijui neno zito kuliko hilo kinywani mwa mtoto. Mtoto aliyesema "halafu" hahitaji tena kusukumwa; atakifuata kitabu kwa miguu yake. Jumamosi ya tano alikisoma chote peke yake, kisha akaniambia mwandishi kakosea, kiboko hali samaki, anakula majani. Nani kakwambia? Babu, alikulia Rufiji. Mtoto wa miaka minane anabishana na mwandishi wa kitabu! Hapo ndipo nikasema huyu sasa anasoma.

Mama yule aliishia darasa la saba. Hana cheti cha ualimu na hajawahi kudai anacho. Anacho kitu ambacho mwalimu wa watoto tisini amenyimwa: muda wa mtoto mmoja. Na kuna jambo jingine. Mwalimu, hata awe mpole namna gani, ana kalamu nyekundu na wajibu wa kumpima mtoto. Mtu wa kujitolea hana cha kupima. Amekuja kuifurahia hadithi pamoja na mtoto, na watoto wanalijua hilo haraka kuliko tunavyodhani. Katika nyumba nyingi za mtaani kwetu mtoto hajawahi kumwona mtu mzima ameshika kitabu kwa hiari yake. Anaona daftari la madeni, anaona simu. Tunataka apende jambo ambalo hajaona mkubwa yeyote akilipenda, na akishindwa tunasema watoto wa siku hizi wavivu.

Najua nitaambiwa kwamba kufundisha kusoma ni kazi ya Serikali, na kwamba sisi wa mikekani tunaifunika aibu yake. Hoja hii ina uzito na siikwepi. Walimu waajiriwe. Madarasa yajengwe. Siku nitakapoona mtu wa kujitolea kaachiwa darasa zima aliendeshe kwa sababu mwalimu hajaajiriwa, nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Lakini mtoto wa miaka minane hangojei bajeti ya mwaka ujao. Mwaka ujao ana tisa, na mlango wa kujifunza kusoma unazidi kujifunga.

Wala tusiambiwe kwamba watu wa kawaida hawawezi. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh nchini India, shirika la Pratham liliwapa vijana wa vijijini mafunzo ya siku chache, wakaanza kuwakusanya watoto kwenye kambi za kusoma nje ya saa za shule na kuwasomesha bila malipo. Watafiti walifuatilia, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Watoto waliokuwa hawajui kitu, wakahudhuria, walizijua herufi ndani ya mwaka. Watafiti wale walikuta pia jambo linaloniuma: watoto wengi waliohitaji msaada ule hawakupelekwa kabisa. Wazazi, hapo ninasema na ninyi. Kambi ilikuwepo, vijana walikuwepo, mtoto akabaki nyumbani.

Au tazama Amman, mji mkuu wa Jordan. Mwaka 2006 mwanasayansi wa baiolojia, Rana Dajani, alianza kuwasomea watoto hadithi kwa sauti katika msikiti wa mtaani kwake. Hakuanzisha shule. Alisoma tu, kwa Kiarabu, lugha yao, na watoto wakarudi tena wiki iliyofuata. Akawafunza wanawake wengine, nao wakaenda kusoma mitaani kwao, hadi mwaka 2017 UNESCO ikaupa mpango ule Tuzo ya Kisomo ya Mfalme Sejong. Sisi tuna misikiti mingapi yenye uwanja mtupu baada ya swala ya alasiri? Tuna makanisa mangapi yenye mabenchi yanayokaa wiki nzima yakingoja Jumapili?

Na kwa nini niende mbali hivyo, wakati wazee wetu walikwisha kulifanya hapa hapa? Sensa ya 1967 ilikuta takriban watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawajui kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mafia, Ukerewe na Masasi zikawa miongoni mwa wilaya zilizopewa kazi ya kuufuta ujinga ifikapo mwisho wa 1971. Nani walifundisha kisomo cha ngumbaru, yaani cha watu wazima? Walimu wa shule baada ya vipindi, ndiyo, lakini pia makarani, wakulima waliosoma kidogo, vijana waliotoka darasa la saba jana yake. Kifuta jasho chao kilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Walifundisha chini ya miembe, na giza likiingia wakawasha chemli. Kufikia 1986, kwa hesabu ya Serikali, zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi walijua kusoma na kuandika. Bibi yangu ni mmoja wao. Aliingia darasa lile na mtoto mgongoni, akatoka anaandika jina lake.

Leo waite watu ishirini kuzungumzia usomaji wa watoto. Swali la kwanza ni posho. Tumefanya semina za utamaduni wa usomaji hotelini, tumegawa mikoba na kalamu, tumepiga picha ya pamoja, tumeondoka. Hakuna mtoto aliyesomewa hata ukurasa mmoja siku hiyo. Hili linanikasirisha kuliko kabati. Mwenye kabati angalau ana hofu ya kuulizwa na wakaguzi vitabu vimekwenda wapi. Sisi wa semina hatuna hofu ya lolote.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu kuliko zote, nayo ni usalama wa watoto. Si kila anayejisogeza karibu na watoto ana nia njema, na mzazi anayeuliza maswali hapo ana haki yote. Ndiyo maana kwetu hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto chumbani. Ni barazani, mbele ya macho ya wapita njia, wakubwa wawili au zaidi, mjumbe anatujua mmoja mmoja, na mzazi anaingia wakati wowote bila hodi ya ziada. Shule ziweke masharti haya na makali zaidi, tutayatii. Lakini sharti lisigeuzwe ukuta. Niliwahi kuandika barua kuomba saa moja tu kwa wiki ya kuwasomea watoto wa darasa la kwanza katika shule fulani. Nikatakiwa nilete barua ya utambulisho. Nikaleta. Ikatakiwa nyingine kutoka ofisi nyingine, kisha mhuri, kisha nakala. Mwezi wa nane nikaambiwa suala bado linashughulikiwa. Watoto niliokusudia kuwasomea wakati huo walikuwa wanajiandaa kuingia darasa la pili.

Watu tunao. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na kidato cha tano huanza Julai. Katikati hapo kuna maelfu ya vijana wanaoshinda vijiweni, wanajua kusoma vizuri kabisa, na hakuna aliyewaomba kitu. Mwalimu anastaafu akiwa na miaka 60, sauti yake bado ina nguvu ya kufika mwisho wa uwanja, tunamkabidhi zawadi siku ya kuagana na hatumtafuti tena. Bibi mwenye ngano ishirini kichwani hahitaji hata kitabu kuanza. Aseme paukwa, wajukuu na watoto wa jirani waitike pakawa, kitabu kitafuata.

Mwalimu mkuu, naomba hizo funguo umpe mwalimu wa darasa la pili Jumatatu asubuhi. Kitakachochanika, kiandike kwenye daftari kwamba kimesomwa. Afisa elimu, andika waraka wa ukurasa mmoja unaosema mtu wa kujitolea atapokelewaje, atachunguzwaje, na atajibiwa ndani ya siku ngapi. Na wewe unayesoma makala hii hadi hapa, bila shaka unajua kusoma. Kuna mtoto mlangoni kwako au kwa jirani. Kaa naye nusu saa Jumamosi hii, msomee kitabu kimoja, na pale patamu pakifika, nyamaza kidogo.

Sisi tutakuwa barazani saa nne kama kawaida. Binti wa kiboko sasa anakuja na wadogo zake wawili, na yeye ndiye anayewasomea. Katika vitabu vyetu arobaini, kumi na kimoja vimechanika na tumevibandika kwa selotepu. Vile vya kabatini, nilivyopita kuulizia mwezi uliopita, bado ni vipya.