Sabufa: usidanganywe na wati za boksi

Jamani, nimenunua sabufa Garissa nikaipeleka nyumbani Eldas. Boksi linasema wati 8,000 PMPO. Uongo mtupu! Kibandiko cha nyuma kinasema inakula wati 60. Soma hiyo, halafu utafute RMS. Betri yangu ya sola ni volti 12, Ah 100. Nusu yake ni wati-saa 600, na laptopu ya kazi inategemea hiyo hiyo. Wenzangu wanataka kubwa zaidi. Mimi sitaki.

Kona huongeza besi, ila huvuma. Weka sabufa unapokaa, piga wimbo, tambaa kando ya kuta (watoto watacheka). Besi ikisikika safi, ihamishie hapo. Krosova nimeweka hezi 80. Saa tatu usiku nazima, mama amelala.