Dola 10 za Kiti Kitupu

Wahenga walisema ahadi ni deni. Walt Disney World, ile himaya ya michezo na hoteli iliyo karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida, Marekani, wameshalipangia deni hilo kiwango: dola 10 kwa kila kichwa. Ukiweka nafasi ya meza kwenye migahawa yao mingi, unaacha namba ya kadi ya benki. Usipotokea, au ukighairi kwa kuchelewa, wanakata. Familia ya watu sita ni dola 60, na hakuna hata mmoja aliyeonja mkate.

Kwa sisi ambao bumu la chakula ni shilingi 10,000 kwa siku, dola 10 ni chakula cha zaidi ya siku mbili. Ndiyo maana ni rahisi kupiga kelele kwamba huu ni wizi. Mimi nasema si wizi. Ila nasema pia ni dawa yenye kasoro, na kwa kuwa hapa chuoni nako kuna wanaotaka shughuli zetu zianze kutoza faini za namna hii, ni vizuri tuiangalie kabla hatujaimeza.

Tuanze na haki yao. Kwa miaka mingi mgeni wa Disney World aliweza kushika meza siku 180 kabla. Jamani, nusu mwaka! Nani anajua leo kwamba Jumanne moja baada ya miezi sita atatamani samaki au nyama choma? Kwa kuwa kushika meza kulikuwa bure, watu walishika mbili tatu za jioni ileile, halafu siku ikifika wanachagua moja. Zile nyingine wanaziacha hivyohivyo, bila hata taarifa.

Anayeumia hapo si tajiri mwenye kampuni peke yake. Kuna familia iliyoambiwa nafasi zimejaa wakati viti viko vitupu. Na kuna mhudumu. Sheria ya Florida inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepewa tipu dola 3.02 pungufu kwa saa kuliko kima cha chini cha mshahara, kwa matumaini kwamba tipu zitaziba pengo. Kiti kitupu hakitoi tipu. Kwa hiyo mwaka 2011 Disney wakaanza kutoza ada hiyo katika baadhi ya migahawa, na mwaka 2013 wakaisambaza karibu kwenye migahawa yote ya kukaa na kuhudumiwa mezani. Mpaka hapo naelewana nao.

Tatizo ni kwamba faini ina tabia ya kugeuza deni kuwa bei. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuja kuchukua watoto. Vituo sita vikaweka faini ndogo kwa kila anayechelewa. Unadhani walipungua? Waliongezeka, hadi karibu mara mbili. Na faini ilipoondolewa, uchelewaji ule haukurudi chini. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000, na somo lake liko wazi. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea aibu mwalimu aliyebaki na mtoto. Baada ya faini, alijiona mteja aliyelipia muda wa ziada.

Sasa rudi Florida. Mwenye hela nyingi akiona dola 10 anasema poa, hiyo ni gharama ya kubaki na uhuru wa kuchagua. Anaendelea kushika meza mbili. Lakini familia iliyodunduliza miaka mitatu kuja mara moja, mtoto akapata homa asubuhi, ndiyo inayokatwa ikiugulia moyoni. Mwanzoni sharti lilikuwa ughairi angalau siku moja kabla. Homa haipigi hodi siku moja kabla. Ada ni ileile kwa wote wawili, lakini mmoja hakuisikia na mwingine aliadhibiwa kwa bahati mbaya.

Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho Disney wenyewe walikuja kubadilisha. Siku zile 180 zimeshushwa hadi 60. Na muda wa kughairi bila kukatwa sasa ni hadi saa mbili kabla ya kula. Dola 10 zimebaki palepale. Kwa maoni yangu mabadiliko haya mawili yana akili kuliko ada yenyewe, kwa sababu yanagusa chanzo. Ukifupisha muda wa kubahatisha, watu wanaahidi kitu wanachokijua. Ukirahisisha kughairi, meza inarudi sokoni mapema na mwingine anakaa.

Tena kuna njia isiyogharimu hata senti. Gordon Sinclair, mwenye mgahawa mjini Chicago, aliwaagiza wapokea simu wake waache kusema "tafadhali piga simu ukibadili mpango" na badala yake waulize: "Je, utatupigia ukibadili mpango?" Halafu wanyamaze, wangoje jibu. Mteja akisema "ndiyo", ameahidi kwa kinywa chake mwenyewe. Wasiotokea walishuka kutoka kama asilimia 30 hadi 10. Hapo deni limebaki kuwa deni.

Na deni lina pande mbili. Ukifika kwa wakati uliopangiwa, ukasimamishwa mlangoni dakika 40 na watoto wanalia, nani anakukatia dola 10? Hakuna. Mkataba unaomfunga mgeni peke yake ni mkataba wa upande mmoja, hata uandikwe kwa lugha tamu kiasi gani.

Sisi Waswahili tuna sababu ya ziada ya kutabasamu. Kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge, ndani ya Disney World hiyohiyo, migahawa inaitwa Jiko, Boma na Sanaa. Kwenye Jiko la Florida, asiyetokea anakatwa. Kwenye jiko la bibi, asiyetokea chakula chake kinafunikwa kwa sahani, na kesho yake anaulizwa kulikoni. Najua biashara haiendeshwi kama jiko la bibi. Ila lile swali la "kulikoni" ndilo linalokosekana kwenye mashine inayokata kadi.

Tuje kwetu. Karamu ya kuaga wahitimu, semina yenye chai na sambusa, safari ya Bagamoyo: watu wanajiandikisha kibao, siku ikifika basi linaondoka nusu tupu na wapishi wanabaki na masufuria ya pilau. Hasira ya waandaaji naielewa kabisa. Lakini tukianza na faini ya 5,000, mwenye nazo atalipa na hatokuja, na asiye nazo ataacha hata kujiandikisha.

Napendekeza chama kianze na haya. Uandikishaji ufunguliwe wiki moja kabla, si mwezi. Kila aliyejiandikisha aulizwe, "Ukishindwa kuja, utatuambia?", na jina lake lihesabike akijibu. Kughairi kuwe ujumbe mmoja tu wa simu, na kuwe na orodha ya wanaosubiri ili nafasi isilale. Chama nacho kijifunge: shughuli ikitangazwa saa kumi, ianze saa kumi, si saa kumi na mbili. Faini ije mwisho, kwa yule anayerudia mara ya pili bila neno, na fedha hiyo iende kwa mama anayetupikia, maana ndiye aliyeamka saa kumi usiku kupepeta mchele ambao haukuliwa.