Tunutu wa Ndoana: Uzito Kwanza, Sura Baadaye

Yapo mabishano yasiyokwisha miongoni mwa maofisa na askari wanaopenda kuvua trauti kwa nzi wa bandia katika mito ya baridi ya Mlima Elgon. Mmoja husifu tunutu wa kahawia, mwingine huapa kwa tunutu mweusi, na wa tatu hafungui kinywa mpaka kwanza aonyeshe kisanduku chenye nzi mia moja walioagizwa kutoka ng'ambo. Sisi twadai ya kwamba wote watatu wanabishania jambo la pili na kuliacha la kwanza. Jambo la kwanza ni uzito.

Kwa ajili ya wasomaji ambao hawajapata kushika ufito wa uvuvi huu, yafaa tueleze kidogo. Chini ya mawe ya mto wenye maji safi na baridi huishi watoto wa wadudu ambao wakubwa wao huruka angani. Mtoto huyo, yaani tunutu, hukaa majini kwa miezi mingi akitambaa na kula uchafu wa mawe, kisha siku moja hupanda juu, huota mabawa, huzaa na kufa. Maisha yake ya angani ni mafupi mno yakilinganishwa na yale ya majini, na ndiyo sababu trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake chini, mbali na macho yetu. Mvuvi huivisha ndoana manyoya na nyuzi ili ifanane na kijidudu hicho, akairusha kwa nguvu ya mshipi mnene, kisha huiacha ichukuliwe na mkondo.

Hapo ndipo wengi wanaposhindwa bila kujua. Maji ya juu hukimbia, na maji ya chini hukawia kwa sababu ya kuzuiwa na mawe. Samaki hukaa katika maji yanayokawia, asije akamaliza nguvu zake kwa kupambana na mkondo, na hula kile kinachopita karibu na pua yake. Tunutu apitaye nusu mita juu ya kichwa cha samaki, hata akiwa amefungwa na fundi hodari namna gani, ni sawa na doria ipitayo barabarani hali adui yumo bondeni.

Jambo hili si geni, na historia yake yatuhusu sisi wanajeshi kuliko wengi wanavyodhani. Katika Uingereza, wakili mmoja aliyeitwa G. E. M. Skues alichapisha mwaka 1910 kitabu kilichowaudhi wakubwa wa mchezo huu, ambao waliamini ya kuwa muungwana hurusha nzi aeleaye tu. Skues alitetea haki ya kumfuata samaki huko huko chini ya maji. Lakini mtu aliyelitatua suala la uzito alikuwa Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon katika kijiji cha Netheravon, ambaye aliajiriwa na chama cha uvuvi cha maofisa wa jeshi. Mto huo hupita kando ya nyanda za Salisbury, ambako serikali ya Uingereza ilianza kununua ardhi ya mazoezi ya kijeshi mwaka 1897. Sawyer hakuwa ofisa wala msomi wa chuo. Kazi yake ilikuwa kukata magugu ya mto na kuangalia samaki kutwa, mwaka nenda mwaka rudi.

Aliona mambo mawili. Kwanza, tunutu anapoogelea hukunja miguu yake, basi hakuna haja ya kumfungia miguu ya manyoya ambayo humchelewesha kuzama. Pili, uzi wa kawaida hauna uzito. Kwa hiyo akaacha uzi kabisa, akafunga nyoya la mkia wa ndege aitwaye fezanti kwa waya mwembamba wa shaba nyekundu. Waya ule ule ulifunga, ulitia rangi na ulitia uzito. Aliueleza ufundi wake katika kitabu cha mwaka 1958, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1980, tunutu huyo hufungwa katika kila nchi yenye trauti.

Akatokea mwanajeshi, Meja Oliver Kite, jirani yake katika kijiji hicho hicho, akalipeleka jambo hilo hadi mwisho wake. Kite aliondoa hata nyoya. Alichukua ndoana tupu, akaizungushia waya wa shaba mahali pa kifua cha mdudu, akaitupa majini na kuvua samaki. Siri ilikuwa katika kuifikisha ndoana kwenye kina cha samaki, kisha kuinua ncha ya ufito polepole ili ndoana ipande mbele ya pua yake kama mdudu anayekimbilia juu. Sisi hatusemi ya kuwa sura haina maana kabisa. Katika maji matulivu na maangavu samaki huchagua sana. Lakini anayenunua nzi mia kabla hajajua jinsi ya kumzamisha mmoja anapoteza mshahara wake.

Sasa tuje kwenye madini. Shaba nyekundu ina uzito karibu mara 9 ya maji ya ujazo ule ule, risasi mara 11 na kidogo, na tangsteni mara 19. Siku hizi tunutu wengi huwekewa ushanga wa tangsteni kichwani. Ni ghali, lakini humpa mvuvi tunutu mdogo anayezama upesi. Ikumbukwe kwamba ushanga wa milimita 4 hauna uzito mara mbili ya ule wa milimita 2, bali karibu mara nane, maana ukubwa huongezeka kwa pande zote. Kwa hiyo hatua kutoka ushanga mmoja hadi mwingine ni kubwa kuliko jicho linavyodanganya. Umbo nalo lina neno lake: mwili mwembamba na laini hupenya, mwili wa manyoya mengi huelea kama mwavuli. Na mshipi wa mwisho ukiwa mwembamba, mkondo haupati pa kuushika.

Kuchagua uzito ni kama kurekebisha shabaha ya mzinga. Anza na uzito wa kati. Ikiwa tunutu hagusi jiwe hata mara moja katika marusho kumi, ni mwepesi, mwongeze. Ikiwa ananasa kila rusho, ni mzito, mpunguze. Anayegusa mara moja moja yuko mahali pake. Mvua ya alasiri ikinyesha mlimani na maji yakapanda, hesabu huanza upya. Kwa kazi hiyo sare moja ya tunutu katika uzito wa namna tatu inatosha kabisa.

Hapa lazima tuseme wazi juu ya risasi, tukimaanisha ile ya kuyeyushwa. Ni rahisi na hupatikana popote pabadilishwapo magurudumu. Lakini ni sumu. Uingereza ilipiga marufuku vipande vingi vya risasi vya wavuvi kuanzia mwaka 1987, baada ya kuonekana kwamba mabata maji walivimeza na kufa. Mito yetu ya mlimani hunywewa na ng'ombe, na watoto wa vijiji vya chini huchota humo kwa mitungi. Askari hana ruhusa ya kuacha sumu katika maji ya raia.

Na lipo kosa kubwa zaidi ya hilo. Yapo malalamiko ya wananchi, katika nchi zaidi ya moja za ukanda huu, kwamba watu wenye sare hutupa baruti mtoni ili wapate kitoweo. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa, wachanga na tunutu wenyewe, na wengi wa waliokufa huzama wasiokotwe. Ndiyo maana twauona mchezo huu kuwa na faida kambini. Askari aliyeketi ukingoni akigeuza mawe ili ajue samaki wake wanakula nini, hatakubali mwenzake atupe guruneti mahali hapo.

Wapo wasemao huu ni mchezo wa wakoloni. Ni kweli trauti si wenyeji; katika nchi jirani ya Kenya waliwekwa mtoni Gura mwaka 1905 na Ewart Grogan. Lakini samaki hao wamo mitoni zaidi ya miaka mia moja sasa, na hawaulizi kabila la aliyeshika ufito. Mwenye kibali cha mamlaka ya uvuvi na avue.

Asiye na fedha za tangsteni aanze kama Meja Kite: ndoana moja na shibiri chache za waya mwembamba wa shaba. Mafundi wanaosuka mota zilizoungua huwa nao tele, na hutoa mabaki kwa bei ndogo au bure. Waya wa stoo ya mawasiliano ni mali ya serikali, usiguswe.