Kurisiti Mtihani Kusemwe Siku ya Posa



Posa ikija, wazee huuliza mengi. Kijana anaswali? Kazi yake nini? Mama yake ni mtu wa namna gani? Ni mara chache sana nimesikia mtu akiuliza: "Binti yetu Novemba atakaa tena mtihani wa kidato cha nne, mwenzetu unasemaje?" Mimi naona swali hilo mahali pake ni siku hiyo hiyo, mbele ya walii, mahari ikiwa bado inazungumzwa. Likingoja fungate liishe linakuwa ugomvi.

Nashona nguo za maharusi hapa Makambako, kwenye njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na ile kuu ya Mbeya. Waislamu huku si wengi, kwa hiyo bi harusi wetu karibu wote wanapita mikononi mwangu, na mtu akisimama kupimwa kifua na kiuno husema yaliyo moyoni. Ndoto nyingi zinafanana. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakutosha, sasa ni wakala wa kutoa na kuweka fedha stendi, au anauza duka la mtu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku. Anataka uuguzi, mwingine anataka ualimu. Na kila mmoja ameambiwa achague: kazi, ndoa au kitabu. Mimi sikubali kwamba lazima uchague kimoja, ila nakubali kwamba vitatu vyote havibebeki bila mpango.

Mpango unaanza na kujua unafuata nini. Baraza la Mitihani linahesabu C kuanzia alama 45 na D kuanzia alama 30. Vyuo vya kati kwa kawaida vinataka ufaulu wa masomo manne, na yawe masomo yasiyo ya dini. Hapa dada zetu wanaumia sana. Una B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, unahesabu masomo manne, chuo kinahesabu matatu. Simwambii mtu aache somo la dini, hasha. Namwambia asilitegemee kumfungulia mlango wa chuo. Na kama unataka uuguzi, ndani ya hayo manne lazima wawemo Kemia, Biolojia na Fizikia, hata kama Kiswahili chako ni A.

Ukishajua lililopungua, rudia hilo. Aliyekwisha kufanya mtihani ule anaruhusiwa kurudia masomo anayoyahitaji tu, akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini kuna watu wa tuisheni wanaomwandikisha kila anayeingia masomo saba, kwa sababu ada yao inahesabiwa kwa somo. Mtu anayetoka kazini saa 2 usiku, akaswali Isha, akala, ana saa moja na nusu ya kichwa kinachofanya kazi. Humo yanaingia masomo mawili, labda matatu. Saba ni kujitafutia sababu ya kuacha mwezi wa nne.

Halafu kuna kalenda, na kalenda ndiyo inayotuangusha sisi wa cherehani na biashara. Matokeo ya Novemba hutoka Januari. Kujiandikisha kwa ada ya kawaida, shilingi 50,000, ni Januari na Februari. Ukichelewa unalipa 65,000. Sasa angalieni miaka hii miezi hiyo imeangukia wapi. Januari ni sare za shule, na huku kwenye baridi ni sare na masweta. Kisha Shaabani, harusi za kuwahi mfungo. Kisha Ramadhani yenyewe na nguo za Idi. Ndio wakati pesa ipo na mtu hana hata nafasi ya kukaa chini. Kwa hiyo namba rejea ichukuliwe kituoni mapema, kabla vitambaa vya Idi havijajaa mezani. Na uliza kituo kiko wapi. Ukiwa Makambako ukapangiwa Njombe mjini, ni kama kilomita 60 kwenda, na mitihani mingine inaanza asubuhi. Nauli na pa kulala vihesabiwe tangu mwanzo.

Miezi ya kusoma kwa kweli, kwetu, ni ya baada ya Idi. Harusi za Mfungo Mosi zipo, lakini usiku unakuwa wako. Juni na Julai baridi ya Njombe inakaza vidole mpaka kalamu haishikiki, nakuombeni msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga mlango ili msome. Moshi ule usioonekana unaua. Vaa soksi, jifunge blanketi, jiko libaki nje.

Vitabu visiwe kisingizio. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure, na mitihani ya nyuma inapatikana kwenye tovuti ya Baraza. Hisabati, ambayo ndiyo inaangusha watu wengi kuliko masomo mengine, nyinyi mafundi mnayo mikononi. Sketi ya mwavuli kwa kiuno cha inchi 26 ni kama sentimita 66. Gawa 66 kwa mbili, kisha kwa 22/7, unapata 10.5, na hapo ndipo unapochora duara la kiuno. Hiyo ni mada ya duara, ile ile, isipokuwa mtihani unaiuliza kwa Kiingereza. Anayekata sketi hizo kila wiki akiniambia hesabu haimwingii, simwamini.

Nirudi kwa mume. Wapo wanaosema mke aliyeolewa cheti cha nini, na wanalisema kama vile ni dini. Bibi Hafsa binti Umar, Allah amridhie, alifundishwa kuandika na Shifaa binti Abdullah, na hadithi aliyoipokea Abu Daud inaonyesha Mtume (S.A.W) alilijua hilo na hakulikemea. Alikuwa mke wa Mtume.

Kuhusu kuliweka jambo hili kuwa sharti la ndoa, wanazuoni wametofautiana. Mahanbali wamepanua mlango wa masharti ya mke kuliko sisi Mashafi, kwa hiyo muulizeni sheikh wenu kabla ya kuandika chochote. Hata hivyo Mtume amesema kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa, na ahadi iliyotajwa mbele ya baba na mashahidi ina uzito ambao ahadi ya kwenye simu haina.

Na itajwe kwa hesabu. "Nitaendelea na masomo" haimwambii mtu kitu. Sema: masomo mawili, Kemia na Fizikia, mtihani Novemba, saa moja na nusu kila usiku isipokuwa Ijumaa, ada nalipa mwenyewe kutoka dukani kwangu. Hilo la ada nalisisitiza. Shilingi 50,000 haifiki bei ya kushonesha gauni moja la harusi, na mwanamke aliyelipa mwenyewe hasikii kila siku kwamba amesomeshwa. Mume akitaka kutoa, atoe nauli ya Njombe, au ashike mtoto usiku. Hicho cha pili ndicho kigumu zaidi, kwa hiyo ndicho cha kuombwa kwanza.

Mchumba mmoja aliyesikia hesabu hiyo hapa kwangu, akiwa amemsindikiza mwenzake kupima gauni, aliuliza jambo moja tu: kwa nini Ijumaa isiwemo. Binti akamjibu kwamba Ijumaa usiku ni yao wawili. Kijana akacheka, akaomba walii apigiwe simu siku hiyo hiyo, ili hesabu ile itajwe pamoja na mahari.