Gari Lililoliwa na Kutu: Litengenezwe au Liachwe?

Wasomaji, hapana swali linalomsumbua mwenye gari kuukuu kama hili: nilitengeneze, ama niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu? Sisi watu wa pwani aghalabu hulaumu upepo wa bahari, kana kwamba kutu ni maradhi ya wakaao kando ya chumvi tu. Lakini mwenye kutoka Kitale akateremkia Kiminini na Webuye hata Bungoma, ataziona Land Rover na pikapu zilizolika kama zetu, ilhali bahari iko mbali.

Sababu zake si siri. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari na ni nchi ya mvua. Tope la shamba huganda chini ya gari likashika unyevu siku nyingi. Tena kuna mbolea: DAP wakati wa kupanda mahindi, na CAN wakati wa kukuzia. Hizo nazo ni namna ya chumvi. Gunia likipasuka, chembe zikaingia penye maungio na kupata maji, hula chuma kama yalavyo maji ya bahari.

Land Rover za zamani ndizo hasa huhadaa macho. Tangu mwaka 1948 bodi zake zilitengenezwa kwa alumini, nayo haifanyi kutu nyekundu. Lakini chasisi yake ni chuma. Basi uso wang'aa na mifupa yaliwa, na mwenyewe hana habari.

Maoni yangu ni kuwa tufuate desturi ya mabaharia. Ubao wa ubavuni ukioza, jahazi hupandishwa pwani, ubao ukatolewa, mwingine ukatiwa, kisha likakalafatiwa. Hapana anayechoma jahazi kwa ubao mmoja. Lakini mkuku ukioza, hapana nahodha mwenye akili atakayelipakia watu. Mlango, bawa na sakafu ya gari ni mbao. Chasisi ndiyo mkuku.

Fundi mmoja wa Bungoma nilimwuliza hutambuaje. Hakunijibu. Alitwaa bisibisi, akaisukuma kwenye chasisi ya pikapu iliyopakwa rangi nyeusi vizuri, ikazama hata mpini. "Mzee," akaniambia, "hii ni rangi tu. Chuma kilikwisha kitambo."

Hapo ndipo penye lawama. Wako wanaojaza puti penye tundu, wakapiga msasa, wakapaka rangi, kisha wakauza. Puti huziba tundu, haibebi uzito. Na chini yake kutu huendelea, maana kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo sababu rangi hufura kama jipu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na hapa atakayeumbuliwa si mwuzaji, bali abiria.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, gonga kwa nyundo ndogo na uchokoe kwa bisibisi, hasa penye mashikio ya springi na usukani. Chuma kizima hulia. Kilichooza hububujika vumbi. Ikiwa ubovu uko bodini tu, ukatwe wote mpaka chuma kizima, bati jipya lichomelewe: gharama hiyo ina maana. Ikiwa chasisi imelika mahali pengi, ama ibadilishwe nzima, ama gari lipumzike. Kuliunga viraka ni kulipia sanda mara mbili.

Na aliye na gari zima alioshe chini kila abebapo mbolea. Maji hayana bei kubwa.

Mwanamke wa soko anayepanda na magunia yake hana bisibisi ya kupimia. Anapanda kwa kumwamini mwenye gari.