Mwacheni Daktari wa Kesho Acheze Mpira

Siku hizi mtoto akitamka tu kwamba anataka kuwa daktari, jambo la kwanza ananyang'anywa mpira. Daluga zinafungiwa kabatini, jioni anapewa mwalimu wa tuisheni, na Jumamosi inaishia kwenye mitihani ya majaribio. Baba anajisifu barazani kwamba wake hana muda wa chandimu. Mshika mbili, anasema, moja humponyoka, na wenzake wanaitikia. Methali ni ya kweli, ila imepelekwa pasipo pake. Wahenga hao hao walisema kazi na dawa, na hiyo baba hataki kuikumbuka.

Wazazi wa kwetu ni watu wa kusifiwa. Yuko mama anayekaanga vitumbua tangu alfajiri ili ada ya mwanawe ilipwe kwa wakati, na anayeibeza bidii hiyo hana haya. Lakini bidii isiyoona mbali humdhuru yule yule inayemtumikia. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu kama ilivyo akili. Waislamu wamepokea wosia unaonasibishwa na Khalifa Omar, wa kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Mtume Paulo naye, alipotaka Wakorintho wamwelewe, aliwatolea mfano wa wapiga mbio uwanjani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto anayetoka darasani na kuingia tuisheni moja kwa moja atazipata wapi dakika hizo?

Na tazama akina nani waliokuwa madaktari. Asubuhi ya tarehe 6 Mei 1954, Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa kazini katika hospitali ya St Mary's jijini London. Alinoa misumari ya viatu vyake vya mbio kwenye jiwe la kunolea la maabara ya hospitali, akapanda treni kwenda Oxford, na jioni ile akawa binadamu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne: dakika 3, sekunde 59.4. Mazoezi yake aliyafanya saa ya chakula cha mchana, wenzake wakila. Hakushinda peke yake, kwani Chris Brasher na Chris Chataway walitangulia mbele kumvutia kasi kwa zamu. Mwaka huo huo akaacha mbio, akawa bingwa wa magonjwa ya neva, na hata uzeeni alisema anajivunia kazi hiyo kuliko rekodi. Sócrates wa Brazil alimaliza shahada ya udaktari akiwa mchezaji, kisha akaiongoza timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia la 1982 akiwa nahodha. Katika klabu ya Corinthians yeye na wenzake walipiga kura juu ya mambo ya timu, wakati nchi yao ingali chini ya utawala wa kijeshi. Pombe ilimharibia maisha, na hilo halifai kuigwa. Uongozi wake unafaa.

Anayesema hao ni wazungu wenye nafasi na amtazame Nadia Nadim. Alizaliwa Herat, Afghanistan. Baba yake aliuawa na Taliban mwaka 2000, mama akakimbia na mabinti zake mpaka Denmark, na mpira Nadia akaanza kuucheza kambini kwa wakimbizi. Aliifungia Denmark bao katika fainali ya Ulaya ya 2017, na mwaka 2022 akahitimu udaktari. Kama mkimbizi alivishika vyote viwili, mtoto anayelala kwao anashindwa na nini?

Mwenye shaka bado na apite chumba cha upasuaji. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, mkoani Morogoro. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Kilichojaribiwa ni orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa, na sharti moja ni kwamba kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Muuguzi mdogo akishalitaja jina lake hadharani, anapata ujasiri wa kumwambia bingwa, "Daktari, subiri, pamba moja haijaonekana." Ujasiri huo haufundishwi kwa kukariri majina ya mifupa. Kipa wa miaka 13 anayemfokea beki aliyemzidi umri, "Rudi, mtu wako huyo!" ameshaanza kujifunza. Amejifunza pia kufungwa bao la kizembe mbele ya shule nzima na bado kusimama golini dakika inayofuata, jambo ambalo kila tabibu aliyepoteza mgonjwa usiku analihitaji kabla ya mgonjwa wa asubuhi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Mathare, Nairobi, jambo hili wamelielewa tangu 1987, kilipoanzishwa chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Ligi yao ina kanuni ya kupendeza: timu inayokwenda kuzoa taka na kuzibua mifereji ya mtaa hupewa pointi, nazo huhesabiwa pamoja na zile za ushindi. Vijana wenyewe ndio wasimamizi, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakifundishana namna ya kujikinga na UKIMWI. Mtoto wa miaka 12 anayewapanga wenzake kwa makoleo kando ya mtaro tayari ni bwana afya. Wala soka halikudhoofika, kwani Mathare United, timu iliyotoka humo, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2008.

Na hapa kuna jambo lisilovumilika. Baba huyo huyo aliyefungia daluga anakijua kikosi cha Arsenal kuliko tarehe za kliniki za wanawe. Jumamosi usiku yuko kwenye simu anajaza mkeka, hela ya mboga imo humo, na mtoto anaona. Anayekatazwa kucheza mpira anafundishwa kuuchezea kamari! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Uchungu wa kuwanyima watoto michezo Tanzania ilishauonja mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya michezo ya shule yaliposimamishwa, hadi yakarudishwa. Na michezo inapokatazwa, wanaoumia zaidi ni wasichana. Akivunja ungo tu, netiboli anaambiwa si heshima, na rede inahesabiwa utoto. Kisha jamii hiyo hiyo inamtarajia awe muuguzi wa zamu anayeamrisha wodi nzima.

Januari shule zitakapofunguliwa, kamati za wazazi zitakaa kupanga michango ya chakula na tuisheni. Mzazi mmoja na asimame aulize saa ya michezo iko wapi kwenye ratiba, mwalimu gani anaisimamia, na mpira wa netiboli wa shule uko kwa nani. Mwalimu mkuu akijibu kwamba kidato cha nne wamesamehewa michezo, aombwe pale pale aufute msamaha huo, maana hakuna mtahiniwa aliyeuomba.